Maji ya Alfajiri

Kama kulikuwa na mtu aliyeyaheshimu maji katika mji mzima wa Saint Paul, Minnesota, kule Marekani, basi ni Valentina Massawe. Watu wa kule wanapiga mswaki maji yakimwagika, wanaongea na simu maji yakimwagika, na wala hawashtuki. Valentina aliyaona hayo kila siku kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, Bloomington, akawa anapita nyuma ya wenzake akifunga mabomba huku akiguna. Walimcheka. Waache wacheke. Yeye alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa na jina: Gasto.

Gasto alikuwa mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Alizaliwa Keko, Dar es Salaam, na akafia huko huko akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa kuhara siku mbili tu. Muuguzi wa zahanati alimwuliza Valentina, msichana wa miaka ishirini wakati huo, kama maji ya mtoto huwa anayachemsha. Alikuwa akiyachemsha. Ila juzi yake mkaa ulikuwa umekwisha, na mtoto alikuwa na kiu, na Valentina akachota kikombe kimoja kwenye ndoo. Kikombe kimoja. Mume alikwenda zake mwaka uliofuata, na tangu hapo hakuna tone lililopita midomoni mwa mtu ndani ya nyumba ya Valentina bila kuchemka kwanza mpaka kifuniko cha sufuria kicheze.

Aliyemvuta Marekani ni kaka yake Alfred, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Minneapolis. Alfred mwenyewe hakudumu. Baridi ilimshinda, akahamia Texas, akamwachia dada yake godoro, makoti mawili na nyumba ya kupanga. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyojengwa kabla ya vita kuu ya kwanza, mali ya mzee mmoja aliyeitwa Walter, ambaye alikuja mara moja kwa mwezi, akagonga kuta kwa kidole, akasema nyumba kama hizi hawazijengi tena. Kwa maneno hayo alikuwa anaisifu.

Chumba cha juu Valentina alimpa Atieno. Huyu alikuwa Mluo wa Kisumu, miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa uuguzi, mume wake Maurice yuko Nairobi akisubiri viza isiyotoka. Alikuja kuuliza chumba akiwa na mimba ya miezi mitano na sanduku moja. Valentina alimtazama tumbo, akamtazama uso, akamwambia apande juu akaweke mzigo, habari za kodi wataongea wakishakula.

Mtoto alizaliwa Januari ya mwaka 1994, wiki ambayo hata magari yalikataa kuwaka kwa baridi. Wakamwita Stacy. Valentina alimkanda Atieno kwa maji ya moto, akampikia mtori wa ndizi za kutafuta kwa tochi, akamfunga tumbo kwa kanga, na Atieno, ambaye kwao mambo hayo yana utaratibu mwingine, alinyamaza akapokea, kwa kuwa mama yake alikuwa mbali na hapa palikuwa na mikono. Miezi mitatu baadaye Atieno alirudi darasani. Maziwa yakapungua, Stacy akaanzishiwa ya kopo. Wakagawana siku: asubuhi Atieno anasoma na Valentina anabaki na mtoto, jioni Valentina anapanda basi kwenda Bloomington na Atieno anashika zamu ya nyumbani.

Kwa hiyo maziwa ya Stacy aliyakoroga Valentina, na maji ya maziwa hayo aliyashughulikia kama ibada.

Aliamka saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajagusa bomba lolote, kwa sababu kule Keko maji ya alfajiri ndiyo maji. Ikifika saa mbili yana tope, ikifika saa nne hayapo. Alichota upande wa bomba la moto. Maji ya baridi ya Minnesota wakati wa kipupwe yanachoma vidole kama sindano na yanachukua karne kuchemka. Akajaza sufuria kubwa, akachemsha nusu saa, akayaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akamimina kwenye chupa ya chai. Yaliyobaki sufuriani aliyachemsha tena jioni kabla ya kwenda kazini. Ndani ya sufuria pakaganda utando mweupe, naye akaufurahia. Uchafu umebaki huku, alijiambia, haukwenda kwa mtoto.

Mwezi wa nane ikaja barua ya idara ya maji, si kwao peke yao, kwa wenye nyumba za zamani wote. Valentina aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaisoma tena ameketi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri tu cha kazi. Barua ilisema kwamba mabomba ya zamani yanaweza kuingiza madini ya risasi katika maji ya kunywa, kwamba watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, na kwamba watu waache maji ya baridi yatiririke dakika kadhaa kabla ya kuyatumia.

Moyo ulimlipuka. Alitazama Stacy aliyelala kwenye blanketi lake sebuleni, mapaja yamejaa, mdomo wazi. Sasa maji haya yana kitu. Hata huku, Marekani, maji yana kitu.

Akafanya alichojua. Kuacha bomba wazi dakika kadhaa, maji mazuri yaende shimoni, hilo halikumwingia akilini hata kidogo. Alidhani ni maneno ya watu wenye maji mengi kuliko akili. Lakini kuchemsha! Kuchemsha alikujua. Kuanzia siku ile hakuchemsha nusu saa tena, alichemsha saa nzima, mpaka sufuria iliyojaa ikabaki nusu. Barua akaikunja, akaitia kwenye droo ya vijiko. Atieno hakumwonyesha. Binti wa watu alikuwa na mitihani, ya nini kumpa hofu, na hofu yenyewe imeshapatiwa dawa?

Hapo ndipo ungetamani kumshika mkono. Ila nani angemshika? Waafrika wote waliokuwa wakija kula wali hapo Jumapili walikuwa wakichemsha vilevile, na wote walimsifu.

Stacy alipotimiza mwaka, Atieno alimpeleka kliniki kwa chanjo, wakamtoboa kidole kwa kipimo cha kawaida cha watoto wa mjini. Siku nne baadaye simu ililia. Atieno alikuwa darasani. Valentina akaipokea, Stacy akiwa kiunoni anavuta waya wa simu.

Muuguzi alitaka kuongea na mama. Valentina akasema yeye ndiye anayekaa na mtoto mchana. Muuguzi akasita, kisha akasema tu kwamba mtoto arudishwe haraka kutolewa damu ya mkononi, kwa kuwa kipimo cha risasi kimekuwa juu, na kwamba mtu wa idara ya afya atakuja kukagua nyumba. Valentina akauliza juu kiasi gani. Hayo, alisema muuguzi, atamwambia mama.

Aliweka simu chini, akaketi sakafuni pale pale na mtoto. Stacy akacheka, akadhani ni mchezo. Valentina alimshika kichwa kwa mikono miwili, kile kichwa kidogo chenye joto, akakitazama kama anayeweza kuona ndani.

Damu ya mkononi ikathibitisha: ishirini na nne. Kumi tu ilikuwa ya kuwatia watu wasiwasi. Daktari alimweleza Atieno kwamba risasi inakaa mwilini, inagusa ubongo, inaweza kumchelewesha mtoto kusema, kusoma, kutulia, na kwamba kwanza lazima wajue inatoka wapi. Atieno alirudi nyumbani na macho makavu ya kutisha.

“Ni paint, Auntie Vale,” alisema. “Wamesema most times ni paint ya nyumba za zamani. Mtoto anatambaa, anaweka mkono kwa mdomo. Na mimi hapo nasoma vitabu za watoto wa wengine!”

“Tutajua, Mama Stacy. Tutajua,” Valentina alimjibu. Wakati huo alikuwa bado anaamini kabisa kwamba maji yake hayamo.

Aliyekuja kukagua aliitwa Sydney, Mmarekani Mweusi mrefu, mpole, mwenye viatu vyenye theluji alivyovivua mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompendeza Valentina. Atieno alikuwa kwenye mitihani yake ya vitendo. Bwana Sydney alipita chumba kwa chumba na kifaa chake cha kupima risasi kwenye rangi, akakielekeza kwenye madirisha, milango, ngazi. Mzee Walter alikuwa amekwisha kukwangua rangi ya zamani na kupaka upya miaka michache nyuma. Kifaa hakikulalamika sana. Bwana Sydney akaandika, akakuna kidevu. Halafu akauliza mtoto anakunywa nini.

Valentina karibu acheke. Hapo alijua hana deni la mtu. Akamwingiza jikoni, akamwonyesha sufuria, kitambaa, chupa ya chai. Akamweleza yote kwa utaratibu wake: alfajiri kabla ya watu, bomba la moto, saa nzima mpaka ibaki nusu, jioni tena. Aliyaeleza kwa fahari, kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. Alipofika kwenye saa nzima, kalamu ya Bwana Sydney ilisimama.

“Mama,” alisema, naye hakumtazama usoni, alitazama utando mweupe ndani ya sufuria. “Unachemsha ili kuua vijidudu?”

“Ndiyo. Na hiyo risasi yenu.”

“Risasi si kijidudu. Ni madini. Haifi. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki. Ukichemsha yakapungua nusu, umeifanya iwe mara mbili.”

Akaendelea kwa upole, na kila neno lilikuwa kofi. Maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa yamekaa muda mrefu yakigusana na bomba. Maji ya moto yanayeyusha zaidi kuliko ya baridi. Ndiyo maana watu huambiwa wayaache yatiririke kwanza. Akauliza kama walipata barua.

Valentina alisema hapana.

Alisema hapana, nusu hatua kutoka kwenye droo ya vijiko. Ulimi ulikwenda wenyewe. Bwana Sydney aliwaachia chupa za kuchukulia maji ya kupimwa, akasema mpaka majibu yatoke watumie ya dukani, akavaa viatu vyake, akaenda. Valentina akabaki ameshika ukingo wa sinki. Kikombe kimoja, alikuwa akiwaza. Gasto nilimpa kikombe kimoja ambacho sikuchemsha. Huyu nimempa karibu mwaka mzima, nimechemsha kila kimoja.

Jioni alimwambia Atieno kwamba mkaguzi hakuona rangi mbaya, anasubiri vipimo, na wametakiwa watumie maji ya dukani kwa tahadhari tu. Kwa tahadhari tu. Ulikuwa ukweli uliokatwa miguu. Kesho yake akaanza kubeba galoni za maji kutoka dukani, mbili kila mkono, kwenye basi, juu ya barafu, na alipoteleza karibu na kituo cha basi akaanguka kwa magoti ili galoni zisipasuke. Akaona sawa. Akaona hata ingekuwa kali zaidi ingekuwa sawa.

Wiki mbili za kusubiri majibu hazisimuliki. Kila Stacy alipolia, Valentina alidhani ni risasi. Alipolala sana, ni risasi. Alipotupa kijiko, Valentina alihesabu mara ngapi ametupa leo na kulinganisha na jana. Kazini alimvalisha bibi mmoja sweta ya bibi mwingine, wote wawili wakagomba. Na kila siku alikuwa wa kwanza kwenye sanduku la barua.

Bahasha ilifika Ijumaa, imeandikwa jina la Atieno. Valentina aliifungua hata hivyo. Mungu na amsamehe, aliifungua kwa mvuke wa birika. Kulikuwa na namba tatu. Maji ya alfajiri ya bomba: mia moja na arobaini. Maji ya baridi yaliyoachwa yatiririke dakika tatu: nne. Maji ya ndani ya sufuria: mia tatu na kumi. Na kiwango ambacho serikali inataka hatua zichukuliwe kilikuwa kumi na tano.

Nne. Kwa dakika tatu tu za kumwaga maji, mtoto angekunywa ya nne.

Akaifunga tena ile bahasha, akaiweka kwenye droo ya vijiko juu ya ile nyingine. Akajiambia kesho. Kesho ikaja, akajiambia Jumapili, baada ya ibada. Alijua kinachokuja. Atieno atachukua mtoto. Atamchukua na ana haki, na mlango ule ukifungwa, Valentina atakuwa ameua wawili. Hivyo ndivyo alivyowaza, neno hilo hilo, ingawa Stacy alikuwa mzima sebuleni anapiga kifuniko kwa mwiko.

Jumapili mchana, baada ya wageni kuondoka, alimkuta Atieno juu ya kiti, ndoo ya sabuni pembeni, anasugua fremu ya dirisha. Alikuwa amekwisha kusugua madirisha yote ya juu. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka.

“Shuka, Mama Stacy. Utaanguka.”

“Si paint pekee yake,” Atieno alisema bila kugeuka. “Nimefikiria. Ni mimi. Nilimwachisha mapema, sababu ya shule. Labda maziwa yangu ingemkinga. Labda iko kwa damu yangu, nilimpa nikiwa na mimba. Maurice aliniambia nisikuje huku na mimba, nikakataa, nikaona niko clever. Nimeharibu mtoto wangu, Auntie. Nimeharibu mtoto na mikono yangu.”

Basi hapo Valentina akaona kwamba kuna hofu kubwa kuliko ile ya kufungiwa mlango. Maneno yale yalikuwa yake. Binti alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine, na mwenye mzigo amesimama hapo na kanga kiunoni.

“Shuka,” alisema tena. “Si wewe. Ni mimi.”

Akaenda kwenye droo, akarudi na barua zote mbili, ya mwezi wa nane na ya Ijumaa, akaziweka mezani. Akasema yote akiwa amesimama: alfajiri, bomba la moto, saa nzima, barua aliyoificha, uongo aliomwambia Bwana Sydney, bahasha aliyoifungua kwa mvuke. Hakujitetea. Gasto hakumtaja. Alitamani sana kumtaja, akajizuia.

Atieno alisoma zile namba. Midomo yake ilikwenda kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Alipofika ya tatu, akaivuta ile barua ya kwanza, akatazama tarehe.

“Ulijua tangu August,” alisema hatimaye.

“Nilijua yana kitu. Sikujua kwamba...”

“Uliniangalia nikiscrub hizi madirisha. Wiki mbili!”

“Ndiyo.”

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipanda juu, akafunga nguo za mtoto, akampigia simu Jeptoo, msichana wa Eldoret aliyesoma naye, aliyekuwa na chumba Fridley. Jeptoo akaja na gari. Stacy, alipoona anavalishwa koti na Valentina havai lake, alianza kulia, akanyoosha mikono juu ya bega la mama yake mpaka mlango ulipofungwa. Valentina aliyasikia yale makelele hadi gari likakata kona, na baadaye pia, siku nyingi, alipokuwa akifagia.

Wiki tano zikapita. Alikwenda kazini, akarudi, akala amesimama. Sufuria aliitoa nje, akaiacha kwenye takataka. Simu hakuthubutu kupiga. Alijifunza kulala akiwa na taa, jambo ambalo hakulifanya tangu Keko.

Siku moja ya mwezi wa nne, theluji ikiwa imebaki vipande vyeusi kando ya barabara, mlango ukagongwa. Atieno alikuwa amesimama na Stacy kwenye nyonga. Amekonda, wote wawili wamekonda.

“Imeshuka,” alisema kabla ya salamu. “Kumi na saba.”

Valentina akafungua mlango wote.

“Sijakusamehe,” Atieno aliendelea. “Nataka ujue hiyo. Lakini kwa Jeptoo mtoto hakuli, na mimi nimemiss class mpaka wanataka kunitoa. Na daktari amesema...” Hapo uso ukamvunjika. “Amesema namba itaendelea kushuka, lakini ile yenye ilishaingia kwa kichwa, hakuna kipimo. Tutajua tu akianza shule. Miaka minne, Auntie. Nitangoja vipi peke yangu?”

Stacy alikuwa ameshajirusha kwa Valentina. Naye akampokea, akaogopa hata kumkumbatia kwa nguvu.

Ndivyo walivyorudi kuishi pamoja, na hofu ikawa mpangaji wa tatu. Maji sasa yalitoka bomba la baridi tu, baada ya kuachwa yatiririke dakika tatu, na Valentina aliyakinga yanayomwagika kwa ndoo, akafulia na kupigia deki, kwa sababu moyo wake usingeweza vinginevyo. Namba ikashuka hadi kumi na mbili, hadi nane. Haikumfariji. Stacy alichelewa kusema. Alipofika miaka miwili alikuwa na maneno sita, na Valentina aliyajua yote sita. Alipofika mitatu, aliwaelewa vizuri kwa Kiswahili lakini akijibu, anajibu kwa Kiingereza, kwa neno moja, kisha ananyamaza. Atieno alisema watoto wote wa Wakenya huku wako hivyo. Alisema hivyo haraka mno. Maurice alipopata viza hatimaye na kumwona binti yake kwa mara ya kwanza, aliuliza kwa nini mtoto ni mkimya, na wanawake wawili wakaangalia sahani zao.

Mwaka 1998 ikaja karatasi ya wilaya ya shule: watoto waendao kuanza shule waletwe wapimwe kusikia, kuona na akili. Siku yenyewe Atieno alikuwa na zamu hospitalini, Maurice alikuwa kazini Eagan. Atieno alimwambia Valentina ampeleke yeye. Kisha akasema, akifunga vifungo vya sare yake bila kumtazama, “Mimi siwezi kukaa hapo niangalie. Siwezi.”

Kwa hiyo Valentina akakaa yeye, kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, mkoba umebanwa kifuani. Mama mmoja Mzungu mwenye miwani aliketi na Stacy kwenye meza ndogo. Alimwonyesha rangi, Stacy akanong'ona majina ya mbili, akanyamaza. Alimwambia apange vitofali sita; akapanga, vikaanguka, hakurudia. Alimwambia ahesabu vitofali. Stacy aliangalia viatu vyake. Yule mama akaandika kitu. Kila alipoandika, Valentina alihisi kalamu inapita kwenye ngozi yake mwenyewe. Miaka mitatu na zaidi amengoja, na sasa ndiyo hii, inaandikwa mbele ya macho yake kwa kalamu ya bluu.

“Ukihisi baridi unafanya nini?” mama yule aliuliza.

“Koti,” Stacy alisema kwa Kiingereza.

“Vizuri. Ukiwa na kiu unafanya nini?”

Stacy alifikiri. Kisha aliinuka, akaenda kwenye sinki dogo lililokuwa pembeni mwa chumba, akafungua bomba upande wa baridi. Akasimama wima, mikono nyuma.

“Moja,” alisema. “Mbili. Tatu. Nne.”

Sauti ilikuwa kubwa, safi. Kwa miaka mitatu alikuwa amebebwa mbele ya bomba, kisha amesimamishwa juu ya kiti, huku Valentina akizihesabu sekunde za zile dakika tatu kwa sauti, kila siku, mara tano, mara sita, asijue kama kuna mtu anayesikiliza.

“Anasema nini?” yule mama aliuliza.

“Anahesabu,” Valentina alijibu. “Kiswahili.”

“Anaweza kufika ngapi?”

Valentina akamwonyesha sinki kwa kidole. Mama yule akamtazama, akaweka kalamu chini, akageukia sinki. Arobaini na tisa. Hamsini. Hamsini na moja. Maji yalikuwa yakienda shimoni, maji mazuri, na hakuna aliyeyafunga. Tisini na tisa. Mia. Mia na moja. Mtoto hakuruka hata moja. Valentina alikuwa ameziba mdomo kwa mkoba, machozi yanadondoka kwenye zipu, na bado alikuwa akiogopa, akiifuata kila namba, akiogopa ijayo isije.

“Mia na themanini,” Stacy alisema. Akachukua kikombe cha karatasi, akakinga, akakipeleka kwa mikono miwili mpaka kwenye kile kiti kidogo, akampa Valentina kwanza.